Nafasi Iliisha

Mama mkubwa Zdravka hakuhama kijijini kwetu kwa kupenda. Karakana ya mashati aliyoshonea miaka ishirini na miwili ilifungwa mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi mumewe, Mladen, moyo ukamsimama akipasua kuni. Akabaki na nyumba ya baridi, mbuzi mmoja, na swali la mji wa kuhamia: Sofia, jiji kuu, au Vratsa.

Sofia kulikuwa na kila kitu. Binti yake Elitsa alikuwa na chumba kitupu, na duka la mapazia lilikuwa tayari kumpa cherehani hata kesho. Vratsa, ule mji mdogo chini ya majabali, hakukuwa na kazi. Kulikuwa na wifi yake Rumyana, basi.

Na Rumyana ndiye aliyechapisha karatasi za msiba, zile ambazo kwetu hubandikwa hadharani kutangaza kifo. Alizibandika langoni kwa marehemu, kwenye nguzo, kituo cha basi, kabla sisi hatujarudi na jeneza. Picha ya Mladen amevaa tai, tarehe zake, na chini kabisa: “Wenye huzuni: dada yake Rumyana, binti yake Elitsa, wapwa na majirani.”

Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Mke wa ndoa ya miaka ishirini na tisa hayumo, hata baada ya majirani!

Mama mkubwa alinyoosha mkono kuibandua, kisha akaushusha. Karatasi ya marehemu haibanduliwi na mtu, inaachiwa mvua. Kwa hiyo kila asubuhi, akienda kumkamua mbuzi, alipita kwenye lango lake mwenyewe ambalo jina lake halimo. Mvua ya mwaka ule nayo ilikuwa ya kubania.

Januari Elitsa alikuja na gari kumchukua. Tulikuwa jikoni, mama yangu anakatakata kabichi ya chumvi.

“Mama, chumba kiko tayari. Kina dirisha la kuangalia bustani.”

“Huko Sofia, karatasi za msiba nani anazisoma?”

“Karatasi? Sijui, Mama. Watu wana haraka.”

“Ehee. Wanapita hata ya mzazi wao. Vratsa wanavaa miwani, wanasoma mpaka jina la mwisho, halafu wanaenda kuulizana sokoni. Naenda Vratsa.”

Elitsa aliweka funguo mezani. “Unaacha kazi kwa sababu ya shangazi? Yule hata hakukumbuki!”

“Atanikumbuka.”

“Dada, una pepo wewe?” mama akauliza.

“Nina jina, mdogo wangu. Wameliacha nje.”

Alimuuza mbuzi, akapanga chumba Vratsa, ghorofa ya nne, dari inavuja. Rumyana anakaa ghorofa ya pili, jengo hilohilo. Mlango wa kuingilia ni mmoja. Kuutafuta mlango huo kulimchukua wiki tatu.

Kifo cha Mladen kilipotimiza nusu mwaka nilikwenda kumsaidia mama mkubwa kubeba ngano ya kuchemsha, ile ya kugawia watu na sukari juu, kumkumbuka marehemu. Kila kumbukumbu ina karatasi yake, na mpya ilikuwa imeshabandikwa kwenye mlango wa jengo: “Nusu mwaka bila Mladen. Mwenye huzuni: mke wake, Zdravka.” Picha ileile ya tai, herufi kubwa kama za benki.

“Na dada yake?” niliuliza.

“Nafasi iliisha.”

Nafasi iliyobaki pale ungeweza kuegesha mkokoteni.

Rumyana alishuka na kikapu, akasimama ghafla.

“Wifi, hii ni nini?”

“Soma. Miwani si hiyo hapo kichwani?”

“Mimi ndiye niliyemlea! Wewe ulimzika kijijini angali hai!”

“Taratibu, wifi, majirani wako wanasikia.”

Rumyana akaichana. Mkono mmoja tu, chwaa! Bwana Gencho wa ghorofa ya kwanza alikuwa anafungua sanduku lake la barua. Wanawake wawili walikuwa wanatoka sokoni. Mmoja wao akapiga ishara ya msalaba.

“Rumyana,” bwana Gencho akasema, “umemchana ndugu yako.”

Rumyana alitazama mkononi. Alikuwa ameshika kidevu cha Mladen na tai.

“Si mimi, ni huyu… huyu kanichokoza!”

Walichukua ngano kwa mama mkubwa, mmojammoja, wakasema Mungu amrehemu, wakampita Rumyana kama wanavyopita ndoo. Wiki ile wateja wa duka lake la nyuzi walihamia kwa mwenzake wa barabara ya pili. Mama mkubwa alinisimulia kila jina la mteja, bila kukosea. Sijawahi kumwona amependeza vile, mashavu mekundu, na kwa kweli niliogopa kidogo.

Elitsa alipiga simu. “Haya Mama, umeshinda. Wa duka la mapazia bado wanakusubiri. Njoo sasa.”

Mama mkubwa alikuwa anapaka gundi karatasi nyingine.

“Bado ya mwaka mzima,” alisema. “Halafu ya mitatu, mitano, kumi. Waambie watafute mtu mwingine.”