Nyimbo Zisizo na Mwanzo

Juzi nilikuwa Ruwi, Maskati. Niliingia kwenye duka la kaseti kumnunulia mama Qur'ani ya msomaji anayempenda, nikamkuta muuzaji ameweka wimbo wa Kiingereza. Nilisimama mlangoni, mkoba nimeukumbatia kifuani. Wimbo ule naujua tangu utotoni, lakini mwisho wake tu. Nilikuwa sijapata kuusikia ukianza. Miaka yote nilidhani unaanza kwa ngoma, kumbe unaanza kwa kinanda peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi naye hana hakika kama nyumba ndiyo hiyo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nimeshajaribu mara nyingi kuyaandika haya na kila mara nimechana. Kiswahili cha kuandika sikufundishwa na mtu. Skuli yetu ilikuwa ya Kiarabu. Kiswahili kilikuwa cha jikoni na cha ukumbini. Nimejifunza peke yangu, kwa kukumbuka namna bibi alivyokuwa akisema na kujaribu kuyaweka maneno yake kwenye karatasi bila ya kuyaharibu. Mpaka leo naogopa kuyaharibu. Ukiona nimekosea, nisitiri.

Tulikaa Ibra, bara ya Oman, kwenye nyumba ya matofali ya saruji iliyopakana na mitende, na maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita nyuma ya ukuta wa jiko. Watu wetu walitoka Unguja mambo yalipoharibika kule, na milango ya Oman ilipofunguliwa wakarudi, baba na mama na bibi mzaa baba, na mimi wa kubebwa. Ami, mdogo wake baba, hakuja nasi. Yeye alikwenda Uingereza kusoma, masomo yakamshinda au fedha zilimshinda, sikuambiwa vizuri, akaingia kiwandani katika mji mmoja wa kaskazini na akabaki huko. Bibi alimwekea chumba. Kilikuwa na kitanda, chandarua, na mashuka yaliyofuliwa na kuanikwa na kurudishwa ingawa hakuna aliyeyalalia. Asubuhi mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kufungua dirisha la chumba kile, na jioni kulifunga.

Simu ilikuwa mpaka uisafirie mji mwengine, na bibi hakuandika ila kwa herufi za Kiarabu, ambazo Ami ameshaanza kuzisahau. Basi walisemezana kwa kaseti, kama walivyofanya watu wetu wengi wakati ule. Kaseti ilikuwa ile ile moja, inakwenda na kurudi. Huku bibi anasema, inatiwa kwenye bahasha, baba anaipeleka posta. Kule Ami akishamsikiliza mama yake, kaseti inakuwa yake: anarekodia nyimbo za redioni, anazisikiliza akitoka kazini. Ukifika wakati wa kujibu, anairudisha mwanzo na kusema maneno yake juu ya nyimbo zile. Kwa hivyo ilipotufikia, alitangulia yeye. Kisha anasema "Wassalaam," kinasikika kishindo cha kidude cha kuzimia, na papo hapo wimbo unaibuka katikati, kama mlango unaofunguliwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshaanza kuzozana.

Ndiyo maana nyimbo zangu zote hazina mwanzo. Mwanzo wake ulikuwa ni Ami.

Daima alianza hivi: "Shikamoo, mama." Halafu ananyamaza. Ananyamaza makusudi, ampe nafasi. Na bibi, amekaa kitako juu ya mkeka mbele ya redio kaseti, anaitika, "Marahaba, mwanangu, marahaba," na Ami anaendelea, kana kwamba amesikia.

Siku ya kujibu bibi alikoga, akavaa kanga mpya, akajifukiza udi. Mama alimcheka.

"Mama, kaseti haina pua."

"Mwanangu atajua," bibi akasema, naye anaupitisha moshi chini ya ushungi.

Vidude vya kurekodi vilikuwa kazi yangu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kinyooke. Nilifunga madirisha, nikazima kiyoyozi, nikafukuza kuku. Jogoo akiwika katikati, nilitaka turudie tangu salamu.

"Hebu mwache awike," bibi alisema. "Ami yako naye ana haki ya kumsikia."

Nami nilikuwa nikiumia. Nakwambia ukweli, jogoo yule nilimwona adui. Ndivyo nilivyokuwa, na sijapona sana.

Pengine ndiyo sababu nyimbo zile zilinishika. Zilikuwa za vijana wa Kiingereza wa wakati ule, wale walioacha magitaa yakapumzika wakashika vinanda vya umeme. Ngoma zilipigwa na mashine, sawasawa, hazichoki wala hazikosei, na mimi niliyeogopa kukosea kuliko nilivyoogopa nge, nikaona nimepata pahala pangu. Juu ya ngoma zile kijana anaimba kwa sauti baridi, kama aliyeamriwa kusoma mbele ya darasa. Maneno siyajui. Niliyaandika kwa herufi za Kiarabu kama nilivyoyasikia, nikayakariri, na nikayaimba puani hata Jumatano kwenye soko la wanawake, bibi akichagua limau kavu na kupatana bei na mama wa Kibedui aliyeziba uso kwa barakoa.

Kila mtu alikuwa na lake juu ya nyimbo zile. Baba alisema ni kelele za karakana. Jirani yetu, mama aliyezaliwa Bujumbura, alikuwa na mtoto wa kiume aliyepata picha za waimbaji wale kwenye magazeti kutoka Maskati, akawa anaziachia nywele zake zimwangukie usoni chini ya kofia. Mama yake akimwambia mbele za watu, "Jicho lako la pili umemkopesha nani?" naye anaona haya, lakini nywele hazipungui. Bibi ndiye aliyesikiliza kweli. Yeye alilelewa na taarabu, na kwake wimbo ni maneno ya mtu kwa mtu.

"Huyu anamwimbia nani?" aliniuliza siku moja.

"Mpenzi wake, labda."

Akasikiliza tena, ameinamisha kichwa. "Basi huyo mpenzi ameshaondoka, na yeye anajua. Sikiliza, hamwiti mtu. Anajiimbia."

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilichelewa kulifahamu. Safari za mwanzo za kaseti ile Ami alisema sana. Alieleza mvua, alieleza samaki wao asiyekuwa na ladha, aliuliza kama mchuzi wa papa bado unapikwa, na nyimbo zilibaki kidogo tu, kipande. Nami nilikaa pale nikiomba moyoni afupishe. Na akafupisha. Kila iliporudi maneno yalipungua, Kiswahili chake kikawa cha kutafuta, anasita, anatia neno la Kiingereza, anaacha. Nyimbo zikarefuka. Nikafurahi. Kwa masikio yangu kaseti ilikuwa inazidi kuwa nzuri. Tulikaa kwenye mkeka mmoja, mbele ya redio moja, mimi naongezewa na bibi anapunguziwa, na sikuona.

Halafu ikaja siku ya video. Mume wa jirani alifanya kazi na mainjinia wa Kiingereza wa barabara, na wao walimwazima filamu ya kwao, ya zamani. Jirani alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

"Shikamoo, bibi. Njoo nyumbani uone huko anakokaa mtoto wako."

"Marahaba. Wana nguo lakini?"

"Wana nguo, bibi. Tena makoti."

Ilikuwa filamu isiyokuwa na rangi. Mtaa wa nyumba za matofali zilizoshikana, zote sura moja. Moshi. Mvua. Mwanamke amepiga magoti nje ya mlango wake anasugua kizingiti kwa brashi. Bibi alikuwa akiwajua Waingereza wa Unguja tu, wa suti nyeupe na kofia, wanaopigiwa saluti. Alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu.

"Kumbe wanasugua wenyewe," akasema. Na baadaye kidogo, "Maskini. Na baridi hiyo."

Kisha ikaonekana milango ya kiwanda inafunguliwa, na wanaume wanatoka, wengi, kofia zimeshushwa, kola zimepandishwa. Bibi akajikongoja mbele mpaka akawa karibu na kioo.

"Rudisha," alimwambia yule kijana wa nywele.

Akarudisha. Wanaume wakatoka tena.

"Rudisha tena, baba."

Hapo tukafahamu anatafuta nini. Mama akamwambia kwa upole, "Mama, hii ni ya zamani. Ami alikuwa hajafika huko."

"Najua," bibi akasema. "Rudisha."

Hakuna aliyecheka, hata yule kijana. Filamu ilipoendelea, mtoto wa nyumba moja alirudi kutoka kazini akaketi mezani. Mama yake akamwekea sahani. Kijana akala bila ya kumtazama, akainuka, akachukua koti, akatoka. Mama akabaki na sahani mkononi. Hatukuhitaji kujua Kiingereza.

Njiani kurudi, kivuli cha ukuta kimeshafika kati ya njia, bibi alinishika mkono. "Si kwamba hanipendi," akasema, kama anayejibu mtu. "Huko ndivyo wanavyokaa."

Siku ya pili yake alijifukiza udi na kusema upande mzima wa kaseti. Sikupata kumsikia akisema hivyo. Alimweleza Ami filamu yote, mwanamke wa kizingiti, milango ya kiwanda. Alimwambia afunike kifua. Alimwambia ameshaona, na hamlaumu. Jogoo aliwika na mimi sikuinua hata kidole. Mkanda ulipokwisha alikuwa ndiyo kwanza anamaliza, kama kwamba waliafikiana.

Tukangoja. Ukaja msimu wa tende, wanaume wakapika mabusli, tende mbichi za kuchemsha, kwenye masufuria makubwa nje ya mashamba, na moshi wenye utamu ukaingia mpaka kwenye mashuka ya chumba cha Ami. Bibi akayafua tena. Msimu ulipokwisha, bahasha ikaja, mchana, chakula kiko mezani. Bibi hakutaka kungoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaseti nimeipata. Mimi mzima. Kazi… kazi nyingi. Nitasema siku nyengine, inshallah. Wassalaam."

Kishindo. Wimbo.

Nilinyoosha mkono kuzima, kwa sababu niliuona uso wake. Akanizuia.

"Usizime. Huenda akarudi."

Basi tukasikiliza. Wimbo ule ulikuwa karibu kamili, wa kwanza maishani mwangu, na sikuupenda. Ukaisha, ukaja mwengine. Ngoma za mashine zikagonga sawasawa, vijana wakaimba wasimwimbie mtu, wali ukapoa, mama akaja akasimama mlangoni na taulo la mikono. Kila wimbo ulipokuwa unafifia bibi aliinamia redio. Kila wimbo ulipoanza alirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nayahesabu makosa yote duniani kuwa ni yangu wakati ule, na nilitamani kuwe na kidude cha kubonyeza.

Wimbo wa mwisho ukafifia. Kikasikika kile kishindo, na mtu akasema. Lakini hakuwa Ami. Nyimbo zake hazikufika mwisho wa mkanda, na chini yake ilikuwa imebaki sauti ya bibi mwenyewe, pale alipokuwa akimalizia.

"… chumba nimekitandika. Usinambie lini, we ingia tu, hata ukinikuta nimelala. Haya, nimesema sana mimi. Sasa sema wewe, mwanangu. Nakusikiliza."

Na jogoo akawika mle ndani. Kisha kidude kikaruka.

Mama aliweka taulo usoni. Bibi aliitazama redio, akanyoosha kanga yake magotini.

"Sauti yangu imezeeka," alisema. Akainuka akaenda kupasha moto chakula.

Kaseti ile hakuirudisha tena Uingereza. Aliiweka kabatini kwenye nguo zake, na alipotaka kumsemesha Ami alimwambia baba amwandikie. Mashuka aliendelea kuyafua. Ami alikuja hatimaye, baada ya maziko ya bibi, akaketi barazani na wanaume, wanamuuliza kwa Kiarabu anajibu kwa Kiarabu, nywele zimeingia mvi. Alilala kwenye chumba kile. Asubuhi nilikuta amefungua dirisha mwenyewe.

Sasa nyumba ya Ibra imefungwa, mitende ya upande ule imekauka, na watoto wa yule kijana wa nywele hawajui Kiswahili zaidi ya salamu. Kaseti ninayo mimi. Joto la kabati liliupinda mkanda; ukiuweka unakoroma tu, si bibi, si jogoo, si kijana wa Kiingereza. Nimejaribu kila nilichoweza kujifundisha kuutengeneza, na unajua mimi si mtu wa kuacha kitu nusu. Umenishinda.

Ndiyo maana juzi, pale Ruwi, nilisimama mpaka wimbo ukaisha. Niliusikia mzima, na mwanzo wake ni mzuri, siwezi kusema uongo. Ukafika pale ninapopajua, ukafifia kama ulivyokuwa ukififia kwetu ukumbini, na kaseti ikabaki inavuma peke yake. Muuzaji akaniuliza kama nauchukua. Nikamwinulia mkono, angoje kidogo. Nilikuwa nasikiliza.