Barua Iliyorudishwa Dirishani

Katika idara ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mhuri, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyoingia wala kutoka masijala bila mhuri wake, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Alijivunia mambo mawili. Kwanza, hakusoma barua za watu. Aliangalia nani anamwandikia nani, akagonga mhuri, basi. Pili, mbele ya macho yake hakuna barua iliyowahi kuruka ngazi.

Kwa hiyo yule binti wa mwaka wa tatu alipofika dirishani na barua ya kwenda Kamati ya Maadili, Mama Mhuri alimrudishia kwa upole kabisa.

"Mwanangu, barua ya mwanafunzi haiendi juu hivi hivi. Andika hapa, 'Kupitia kwa Mkuu wa Idara.' La sivyo huko watakurudisha, utasumbuka bure."

Binti aliishika ile barua kwa mikono miwili. "Hata hii, mama?"

"Hata hii. Utaratibu ni utaratibu."

Laiti angemwangalia usoni! Lakini dirisha la masijala liko chini, mtu anaonekana kifua na mikono tu, na mezani kulikuwa na rundo la fomu za mitihani. Kesho yake binti alirudi na barua mpya, imeandikwa kama alivyofundishwa. Mhuri ukalia, barua ikaingizwa kwenye kitabu, ikapelekwa kwa mkuu wa idara, naye akatia saini kwamba ameipokea. Mama Mhuri akaenda kunywa chai, moyo mweupe.

Wiki tatu baadaye binti alikuja tena. Safari hii aliinama mpaka uso ukaonekana, na ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kuugua.

"Shikamoo, mama. Ile barua ilifika kwenye kamati?"

"Marahaba. Iko kwa mkuu wako, mwanangu. Kamuulize."

"Mama, ilikuwa inamhusu yeye." Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Alikuwa ananiita ofisini, anafunga mlango, ananishika. Nilikataa. Juzi kaniita tena, nikaikuta barua yangu iko mezani kwake. Kaniambia nikitaka kumaliza chuo nijue cha kufanya. Mtihani wake ni Jumatatu."

Mama Mhuri aliuweka mhuri chini.

"Lile bango nilikuwa nimelisoma," binti aliendelea, akinyoosha kidole ukutani. "Wewe ukaniambia vingine. Nikasema, huyu mama yuko hapa miaka yote, atakuwa anajua."

Bango lilikuwa nyuma ya kiti chake. Alilibandika mwenyewe mwaka jana, akakosoa hata gundi. Kwa mara ya kwanza alisimama akalisoma: "Malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia yaletwe moja kwa moja kwenye kamati. Hayapitii kwa mkuu wa idara." Alipogeuka, dirishani hapakuwa na mtu.

Nyumbani alimweleza mumewe, dereva mstaafu, mtu asiyependa makuu. Mzee aliweka kijiko chini. "Umebakiza miaka miwili ustaafu, mke wangu. Unataka kumwaga unga wetu kwa mtoto wa watu?"

"Ni mimi niliyemkabidhi kwake," alisema, akaanza kulia, na chakula kikapoa wote wawili wakikiangalia.

Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani. Wanafunzi waliingia, mlango ukafungwa, binti hakuonekana. Mwenzake wa bweni alimwambia mchana kwamba amefungasha tangu Ijumaa na simu yake haipatikani. Mkuu wa idara alipita ukumbini akamsalimia Mama Mhuri kwa bashasha, akamuuliza hali ya mzee nyumbani. Alimjibu salama. Alijichukia kwa neno hilo siku nzima.

Basi akapiga moyo konde. Aliandika kwa mkono wake ukurasa mzima: tarehe, barua ya kwanza, barua ya pili, maneno aliyomwambia mtoto wa watu. Hakujitetea. Alikichukua na kitabu cha barua chenye saini ya mkuu wa idara, akapanda ghorofa tatu za jengo kuu hadi ofisi ya kamati, magoti yakimlalamikia.

Karani wa huko alikuwa dada ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Alimwamkia kwa heshima, akapokea barua, akaangalia nani anamwandikia nani, akasita.

"Mama, mbona haijapitia kwa mkuu wako wa idara?"

"Soma bango lenu, mwanangu. Haya hayapitii."

"Lile ni kwa wanafunzi, mama. Wewe ni mtumishi. Barua ya mtumishi lazima ipitie, si ndivyo ulivyonifundisha?" Alisema kwa upole kabisa, akaisukuma barua kurudi upande wake, hajafungua hata kitabu. "La sivyo watakurudisha, utasumbuka bure."

Mama Mhuri aliishika ile barua kwa mikono miwili.

"Hata hii?" aliuliza.