Elfu mia moja na moja: namba iliyotaka kumhamisha baba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, siongezi chumvi hata kidogo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Masieda kule Mbulu. Tulipokuwa wadogo, ukimpa shikamoo anaitikia marahaba, halafu anakutwanga namba kubwa. Inagawanyika kwa kumi na moja au haigawanyiki?

Ujanja alitufundisha mwenyewe. Unajumlisha tarakimu kwa kuruka: ya kwanza, ya tatu, ya tano. Kisha unajumlisha zile ulizoruka. Majibu yakilingana, namba inagawanyika.

Mwaka jana akapata kiharusi. Mwili ukarudi, ila majina yakampotea. Mimi ananiita kwa jina la marehemu shangazi.

Dada yangu mkubwa akaamua kwamba mzee akili imeondoka, ahamie kwake Babati. Baba hataki hata kusikia. Ana ng'ombe wake wawili na shamba lake la vitunguu swaumu, sasa mjini akafanye nini?

Nikatoka Basotu ninakoishi, na samaki wangu mkononi. Nikawakuta wamenuniana, mabegi yameshafungwa.

Nikamwomba dada tumpime mzee kwa namba. Akipata, abaki. Dada akakubali.

"Baba, elfu mia moja na moja. Inagawanyika kwa kumi na moja?"

Nilimchagulia rahisi makusudi (upendeleo, najua). Moja mwanzoni, moja mwishoni, sufuri nne katikati. Inagawanyika safi kabisa.

Baba akachora chini kwa fimbo yake.

"Haigawanyiki. Inabaki tisa."

Aisee. Dada akabeba begi la kwanza kupeleka kwenye gari. Baba akainuka kwenda kuwaaga ng'ombe wake. Mimi nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Nikabaki naangalia pale alipochora.

101000.

Nikachuchumaa, nikagawa kwa kidole palepale kwenye udongo. Inabaki tisa kweli!

Nikamkimbilia zizini, nikamweleza kwamba mimi nilikuwa na maana ya laki moja, halafu moja. Akaniangalia vilevile alivyokuwa akiniangalia nikiwa darasa la tatu.

"Sasa laki ipo, kwa nini hukuitaja? Umesema elfu. Nikajiuliza elfu ngapi, nikaona mia moja na moja. Laki moja na moja inagawanyika, hata huyu ng'ombe anajua."

Dada alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akarudi kwenye gari kushusha begi.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujasema mzee amepotea, jikague kwanza wewe ulimuuliza nini. Na jamani, tumieni laki.

Wenye wazazi wa namna hii, hebu tuambieni mnaishi nao vipi.

Jioni tulikula wale samaki, sote watatu. Bado ananiita jina la shangazi.

Naitika tu.