Nilivyofanywa Mgeni Kisomoni

Heri nieleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wapiga soga wa sokoni Kasulu. Nimejenga nyumba ya bati bila kushika kalamu, kwa hiyo mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, kijana wa Tanga, aliposema maandishi yangu ni makavu kama tangazo, nilichukia. Alikuwa anatafuta wawili wa kuigiza mazungumzo ya kuandikiana ubaoni mbele ya wakubwa wa wilaya, na nafasi ile niliitaka.

"Mzee wangu, wewe ni mgeni. Umefika nyumba usiyoizoea. Mama Anyesi ndiye mwenyeji. Andikianeni, na ujifanye ndiye hasa!" mwalimu akaniambia.

Mgeni! Kwa Kiha chetu umugeni ni bibi harusi. Mimi na mvi zangu nimnyenyekee Mama Anyesi, mwanafunzi mwenzangu, kama mama mkwe? Lakini nafasi niliitaka. Nikaandika huku nimenuna: "Mama, naona haya kuinua uso. Nimelia njia nzima. Huyo mume wangu ni mpole?"

Mwalimu akasoma kwa sauti, akakwama. "Mzee, mgeni amekuja kunywa chai tu. Mume wa nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Anyesi akachukua chaki, akaandika taratibu chini ya maneno yangu: "Karibu mgeni. Mume aliyemo humu ni mmoja, na ni wangu."