Nyekundu Juu

Bendera ilikuwa imepinduka. Mama Hedwiga aliiona asubuhi, hata kabla hajatundika sweta lake nyuma ya kaunta, akajisemea labda bado wanaifunga, wataigeuza. Saa nane mchana ilikuwa vilevile: bluu juu, nyekundu chini, imetandazwa kwenye kioo upande wa pili wa kiwanja cha barafu, kubwa kama mashuka mawili, na watu wanapiga picha mbele yake kama vile hawana macho.

Kiwanja hicho kiko ndani ya jengo la maduka Randburg, Afrika Kusini, na kwa miaka kumi na mitano kazi ya Mama Hedwiga imekuwa kukodisha viatu. Unampa kiatu chako cha kawaida, anakupa chenye chuma cha kutelezea, kisha anakufunga kamba mwenyewe, maana hamwamini mtu mwingine. Anavuta mpaka mtoto aseme "aii!", halafu anavuta tena kidogo. Nusu ya miguu ya watoto wa Randburg imepita mikononi mwake. Yeye mwenyewe barafu hajaikanyaga hata siku moja. "Barafu ni ya kuweka kwenye juisi," husema.

Mwaka huo wa 2017, mtoto mmoja kati ya hao alikuwa amefika mbali. Héritière, binti wa Brigitte msusi, alikuwa Ulaya kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana ya kuteleza, yeye peke yake kwa Afrika Kusini nzima. Brigitte alitoka Lubumbashi zamani; mtoto kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, hata akiota anaota kwa Kizulu. Lakini jina lake lilipotangazwa, watu wakaanza mtandaoni. Hilo ni jina la wapi? Kwani watoto wetu wameisha? Siku Brigitte alipomsomea maneno hayo, Mama Hedwiga alifunga kamba za viatu kwa hasira mpaka watoto wawili wakalia.

Sasa klabu ilikuwa imewaita watu waje kuangalia matangazo ya moja kwa moja kwenye skrini kubwa. Kabla ya zamu ya Héritière, wote wangepiga picha mbele ya bendera na kumtumia. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeiomba. Alimwambia mama yake: "Nitaiangalia kabla sijaingia, halafu nitaiweka kwenye ukurasa wangu. Waone nyumbani kwetu ni wapi."

Waone! Wataona nini? Bendera miguu juu! Mama Hedwiga alishaanza kuwasikia: si mnawaona hawa wageni, hata bendera hawaijui.

Akamwendea meneja. Vusumuzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amepiga magoti akipambana na waya wa projekta. Simu yake ndiyo iliyokuwa inaleta intaneti. Ililala juu ya kiti, na alishatangaza kwamba atakayeigusa atamjua.

"Mwanangu, bendera imepinduka."

"Haijapinduka, Mama Hedi."

"Nyekundu inakaa juu."

Vusumuzi aliinua kichwa, akaitazama kidogo, akatabasamu lile tabasamu la kumwambia mtu mzima akapumzike. "Mama, kwa heshima zote. Hii si ya Tanzania. Hii ni ya hapa. Naijua tangu shule."

Mama Hedwiga alirudi kwenye kaunta akiyarudia maneno hayo. Si ya Tanzania! Alikutana na marehemu mumewe, Sipho, Morogoro, kwenye karakana ya kushona ya wakimbizi wa Afrika Kusini, yeye akiwa msichana wa cherehani na Sipho akiwa kijana asiyejua lini ataruhusiwa kurudi kwao. Alimfuata huku mwaka tisini na mbili. Miaka miwili baadaye nchi ikapata bendera mpya, Sipho akanunua vitambaa mjini, akamletea na gazeti lenye picha ya bendera hiyo. Gazeti lenyewe halikuwa na rangi! Mama Hedwiga akabahatisha, akashona vitanzi vya kutundikia upande wa bluu. Sipho alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Nyekundu juu, Hedi! Nyekundu juu!" Mama Hedwiga akafumua, akashona upya. Siku ya kupiga kura bendera ilikaa dirishani kutwa nzima. Miaka tisa iliyopita, bendera hiyohiyo ndiyo iliyofunika jeneza la Sipho.

Halafu leo anaambiwa si yake.

"Mama Hedwiga, ni nini? Sura imekuwa hivi," Brigitte aliuliza alipofika, bado ana mabaki ya nywele za rasta kwenye aproni. Akaelezwa. Akageuka, akaitazama bendera, akashika mdomo. "Mungu wangu. Weko na uhakika?"

"Brigitte!"

"Tuangalie mu simu basi, tumuonyeshe."

"Siitafuti bendera ya nchi yangu kwenye simu."

"Eish, mama, acha kiburi. Imebakia dakika makumi mbili. Kama picha inaenda vile, mutoto wangu batamucheka."

Mama Hedwiga aliinama chini ya kaunta, akatoa kanga yake ya zamani ambayo hukaushia vyuma vya viatu, akaichana katikati, chwaa! Nusu akaizungushia kiatu chake cha kulia, nusu cha kushoto, akafunga mafundo yake yaleyale ya kumfanya mtoto aseme aii. Kamba za bendera zilikuwa zimefungwa kwa upande wa barafu. Hapakuwa na njia nyingine.

Akafungua kilango. Akakanyaga.

Baridi ilimpanda mpaka magotini. Hakuinua miguu; aliikokota, kanga ikishika barafu, mikono imetanuka kama ya mtu anayebeba ndoo mbili. Watu walianza kunong'ona. Kisha Vusumuzi akamwona.

"Mama Hedi! Toka huko! Utavunjika nyonga, mimi nitasema nini?"

"Sema ulikuwa unafunga waya!"

Watu wakacheka. Alifika kwenye kioo, akashika fundo la kwanza, akalifungua kwa kucha. Vusumuzi alisimama kwenye kilango na viatu vyake vya ngozi laini, anataka kuingia, anaogopa.

"Mama, nimekwambia iko sawa!"

"Mwaka tisini na nne ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Basi kaa kimya nifunge."

Kicheko safari hii kilitikisa viti. Lakini mzee mmoja wa klabu, aliyekuwa anaiangalia simu yake mwenyewe, alisimama akasema kwa sauti nzito: "Vusi, yuko sahihi. Nyekundu juu." Vijana wawili waliovaa viatu vya kutelezea wakaja mbio, wakashika pembe, na bendera ikageuzwa.

Picha ilipigwa hivyohivyo, Mama Hedwiga katikati kwenye barafu na matambara miguuni, hacheki hata kidogo. Brigitte akaituma. Dakika saba baadaye skrini ikaandika jina la Héritière na jina la nchi, na mtoto akatoka amevaa dhahabu na kijani, rangi za timu ya taifa.

Mruko wa kwanza akatua vizuri. Wa pili akaanguka. Brigitte akafumba macho. Mama Hedwiga alipiga kelele kama vile anasikika Ulaya: "Nyanyuka! Kamba hazina tatizo, nakujua! Nyanyuka!" Akanyanyuka, akamaliza, akainama kwa watu. Majaji wakamweka wa ishirini na mbili kati ya thelathini.

"Ishirini na mbili?" Mama Hedwiga aliruka. "Wana macho hao? Yule wa kumi na tisa ameanguka mara tatu!"

"Mbili," mtu akasema.

"Tatu! Na wewe uko upande wa nani?"

Watu walipoanza kuondoka, Vusumuzi alikuja kwenye kaunta, mikono nyuma. "Mama Hedi, samahani. Kwa kweli sikujua."

"Kutojua si kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kuikosea. Ila uliniambia unaijua tangu shule."

Kijana akageuka kuitazama bendera kule kwenye kioo.

"Kailete."

Akaileta, imekunjwa ovyo chini ya kwapa. Mama Hedwiga alimnyang'anya, akaitandaza juu ya kaunta, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Alishona vitanzi viwili vinene kwenye pembe za nyekundu, huku Vusumuzi amesimama anamshikia kitambaa. Kisha akazikata kamba za kutundikia zilizokuwa upande wa bluu kwa meno, zote mbili, akazitupa.

"Haya," akasema. "Sasa itundike unavyotaka."