Nilifunga Difu ya Lami, Baba Akitaka Kwenda Mlimani

Mimi ndiye niliyemchelewesha baba yangu. Si barabara, si ugonjwa, si Mungu, ingawa msibani vyote hivyo vililaumiwa na mimi nikanyamaza. Majina nimeyabadili, na langu naliweka kando, kwa sababu mama bado yu hai na wajukuu humsomea magazeti.

Nianze na ujinga wenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa na mifuko imetoboka. Shirika nililolitumikia lilikufa, nikarudi Same na shahada yangu na kiinua mgongo. Wenzangu walinunua mashine za kusaga. Mimi nikanunua nyumba yenye magurudumu! Wazungu wawili waliokuwa wakiizunguka Afrika walichoshwa na safari walipofika Same, wakaniuzia gari lao la dizeli lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Niliamini watalii watalikodi. Hawakulikodi.

Tatizo ni mwendo, nilijiambia. Kilima kidogo tu, gari linahema kama mpiga tarumbeta mzee wa usharika. Kwenye lami ya kwenda Mombo mabasi yalinipita, makondakta wakining'inia mlangoni: "Mzee, unahama na choo?"

Nikamwendea Fundi Shabani, mtu wa Tanga mwenye gereji nyuma ya soko. Nilitaka abadilishe difu, yaani yale meno yanayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma. Nilikuwa nimesoma, bwana! Hata mchoro nilimchorea. Ukifunga meno ya mwendo, gari linakimbia na dizeli haiishi upesi. Ila nguvu ya kuvuta inapungua.

"Kwenye lami litaruka, bosi," alisema. "Mlimani je? Gia namba moja itakuwa haina nguvu. Zile kona za kupanda kwenu Vudee zitakula klachi."

"Mlimani nikafanye nini?"

Akacheka. "Kwani wewe si Mpare?"

"Mpare wa tambarare," nikamjibu, nikajiona mchekeshaji.

Na gari likakimbia! Karibu na Makanya nililipita basi, nikampungia kondakta mkono kama mkuu wa wilaya.

Kisha baba akalazwa hospitalini Same. Daktari alinivuta pembeni akaniambia hakuna tena la kufanya. Baba mwenyewe alijua. Hakuomba dawa wala mchungaji. Alisema, "Nipelekeni Vudee nikamwone mama yenu." Miguu ya mama ilikuwa imevimba, asingeweza kushuka.

Dada yangu Nakijwa, mkubwa wangu, alikuwa ameshazungumza na mwenye landrova kuukuu inayopanda kila siku kufuata kabichi.

"Baba alale sakafuni kwenye magunia, na mimi nina kitanda?" nikamwambia.

"Magunia yanafika, mdogo wangu."

"Dada, hili ni gari la Ulaya!"

"Mlima si wa Ulaya."

Maneno ya fundi niliyakumbuka. Niliyakumbuka vizuri sana! Lakini nilishaiona Vudee nzima ikitoka nje kutazama mtoto wa kwao akimleta baba yake katika nyumba yenye mapazia. Landrova ikaondoka bila sisi. Baba tukamlaza kitandani, dada akaketi miguuni pake bila kuniangalia mimi dereva.

Kona za chini nilizipita kwa kuzikimbilia. Juu zaidi, penye kona iliyojikunja juu ya korongo, ilinibidi nipunguze mwendo, na gia namba moja ikakosa nguvu ya kutuinua. Nikashikilia klachi nusunusu, injini ikipiga kelele, gari likisogea kama linaloombewa. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, kama kwato lililotiwa motoni. Halafu klachi ikafa, injini ikanguruma peke yake, na gari likaanza kurudi nyuma! Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Dada akaruka nje, akaweka mawe nyuma ya matairi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani tukamtuma akawaite wanaume waje na machela.

"Tumefika?" baba akauliza.

"Bado kidogo, baba."

Tukangoja. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Pumzi yake ikawa fupi, nikajua watakaokuja na machela hawatamkuta. Aliponiuliza mara nyingine, nikasema, "Tumefika, baba."

Nilidhani nampunguzia uchungu. Ole wangu! Alifumbua macho, akageuza uso kuelekea pazia. "Muiteni mama yenu."



Akamwita mwenyewe, kwa jina lake la usichana, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Akasubiri. Akaita tena. "Mbona haitiki?" akauliza. Dada akanitazama, na sitaandika alinitazamaje. Baba akafa akidhani mkewe amekataa kumwitikia.

Wanaume walipofika walibeba mwili. Mama alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Hakulia. Alinishika mkono akauliza, "Alisema nini?"

"Alilala tu, mama. Hakusema kitu."

"Hata hakuniulizia?"

Nikatikisa kichwa! Mimi, msomi, mwenye maneno ya kila kitu! Kama ningemwambia kwamba baba alimwita, ningelazimika kumwambia na kwa nini hakuitikiwa. Dada alikuwapo na alisikia. Hajanisaliti, lakini tangu siku ile hajaniita mdogo wangu.

Gari nililiuza vipande vipande. Mama kila nikienda hunipokea vizuri, hunipa chai, na hamtaji baba kabisa. Najua ni kwa nini.

Ndugu yangu, mgonjwa wako akitaka kwenda kwao, mpandishe gari linalofika, hata kama ni juu ya magunia ya kabichi na watu wakacheka. Na akikuuliza kama mmefika, nanyi hamjafika, mwambie bado.