Gauni la Malaika wa Pasaka

Wiki nzima Rosenda hakutulia. Aliuza mwatiko sokoni Hagonoy, amesimama juu ya kreti lake kama kawaida, ila mteja mmoja ilibidi amnyang'anye samaki aliyekuwa akiparwa magamba hadi kwenye nyama. Kilichomsumbua kilikuwa kabatini: gauni jeupe la malaika, alilolivaa binti yake Tala Pasaka iliyopita. Mwaka huu Tala amechaguliwa tena kuwa malaika wa ibada ya alfajiri. Gauni likimbana, amekua. Likimkaa sawasawa, basi mifupa mifupi ya ukoo imempata.

Rosenda analijua hilo gauni. Yeye alikuwa malaika hadi akaota chunusi, maana mikono na miguu mifupi aliyorithi kwa baba yake ilikataa katakata kulizidi. Kila Pasaka kengele zikilia, watoto wa mji huruka ili warefuke. Yeye aliruka kuliko wote. Akaambulia maumivu ya magoti.

"Si umjaribishe?" alisema shangazi yake, Tiya Pasing, Jumamosi asubuhi. "Au unangoja gauni ndilo likue?"

"Nina samaki wa kuosha, Tiya."

"Wameshakufa hao, hawana haraka."

Kumbe Tala alishalivaa. Alitoka chumbani akijizungusha. Mikono ya gauni iliishia kwenye viganja, pale pale pa mwaka jana.

"Mama, linanienea! Hatupunguzi wala hatuongezi!"

Rosenda alivuta mshono, akavuta tena, kama anayetafuta kosa la fundi. "Limekupendeza," akasema. Tiya Pasing, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaenda kuwaosha wale samaki mwenyewe.

Alfajiri ya Pasaka, mbele ya kanisa, sanamu mbili zilikutana: Yesu mfufuka, na mama yake aliyefunikwa shela jeusi. Tala alishushwa kwa kamba kutoka jukwaani, akalivuta shela. Kengele zikalipuka. Watoto wote wakaanza kuruka. Tala, kamba kiunoni, akapiga mateke hewani.

"Mama! Mimi siwezi! Nirukie wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Rosenda aliapa zamani kwamba hatairukia tena kengele yoyote. Akamsukumia shangazi yake mkoba.

"Magoti yako, wewe!"

"Nishikie tu, Tiya."

Akaruka. Akatua vibaya, akaruka tena.

"Juu zaidi, Mama!" Tala alipiga kelele kule juu. "Hiyo ni yako! Bado yangu!"